Maswali ya Wasomaji: Miaka ya Kalemie itahesabiwa wapi?

Barua tatu za mwezi huu nimezisoma barazani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, kisha nikazirudia. Moja imetoka Kibirizi, ya pili Tabora mjini, ya tatu Ulyankulu. Nimeziweka pamoja kwa sababu zote zinahusu jasho lililotoka upande mmoja wa mpaka na watu wanaolitegemea upande wa pili. Nilikuwa afisa kazi kwa miaka 27 kabla ya kustaafu. Ninachokijua nitakisema kama kilivyo.

*Shikamoo mzee. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibirizi. Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Alifanya kazi Dar es Salaam miaka kumi na moja akikatwa mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kila mwezi. Mwaka 2019 alipata kazi Kalemie kwenye kampuni ya Kikongo, ana mkataba. Karatasi yake ya mshahara ninayo moja, imeandikwa Kifaransa, naona kuna makato. Shemeji yangu aliyewahi kuishi Ubelgiji anasema huko Ulaya mfanyakazi analipwa pesa za watoto hata kama watoto wako nchi nyingine, na miaka ya kazi ya nchi mbili inaunganishwa. Sisi wa Kigoma na Kalemie hatuna haki hiyo? Na ile miaka kumi na moja ya Dar imekufa? Jirani ananiambia mume wangu akajitoe achukue hela zake.*
*Mama wa watatu, Kibirizi*

Marahaba mwanangu. Shemeji yako hakukudanganya. Ila alichokueleza ni cha kule, bado hakijavuka ziwa letu la Tanganyika.

Nchi za Umoja wa Ulaya zinafuata kanuni moja, namba 883 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika Mei 2010. Kila nchi imebaki na mfuko wake na viwango vyake, lakini mifuko inalazimika kusomana. Mpolandi aliyechangia miaka kadhaa kwao na mingine Ufaransa hafukuzwi dirishani kwa kuambiwa hajafikisha. Miaka yote inajumlishwa ili kuona kama ametimiza sharti, kisha kila nchi inalipa sehemu yake. Posho ya watoto nayo inalipwa na nchi anakofanya kazi mzazi, hata kama watoto wanaishi nchi nyingine ya Umoja. Na kama baba anafanya kazi huku na mama kule, nchi wanakoishi watoto inatangulia kulipa, na ile nyingine inajazia kilichopungua.

Austria ilijaribu kulipunguza hilo. Kuanzia Januari 2019 ikawa inapima posho kwa gharama za maisha za mahali mtoto anapoishi, kwa hiyo mama wa Kislovakia anayehudumia wazee Vienna, watoto wake wakiwa kwao, akawa anapata pungufu ya jirani yake wa Austria. Tarehe 16 Juni 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakataa. Mfanyakazi huyu anachangia na kulipa kodi kama wenzake, basi na posho yake iwe kama ya wenzake. Nakueleza haya yote, mwanangu, kwa sababu hoja hiyo ndiyo niliyoipigania ofisini ujana wangu wote. Ukikatwa sawa, ulipwe sawa. Hakuna kitu cha Kizungu ndani yake. Hata mvuvi wa dagaa pale Kibirizi anajua kwamba aliyevuta wavu pamoja na wenzake anapata fungu lake, awe wa Ujiji au wa Moba.

Sasa turudi kwenye ziwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 ikaanza kutumika Julai 2010. Ibara ya 10 inampa mfanyakazi kutoka nchi mwanachama haki ya mafao ya hifadhi ya jamii kama wanayopata wafanyakazi wa nchi aliyomo, na inaliachia Baraza la Mawaziri litoe kanuni za utekelezaji. Kongo imeingia Jumuiya mwaka 2022, mumeo akiwa tayari ana miaka mitatu Kalemie. Hapa kuna mambo mawili, usiyachanganye. Kutendewa kama Mkongo ukiwa Kalemie ni jambo la kwanza, na analo haki ya kulidai. Kuichukua miezi ya Kalemie na kuiweka juu ya miezi ya Dar es Salaam, mezani kwa NSSF, ni jambo la pili, na hilo asilitie kwenye hesabu zake za uzeeni. Ahesabu kila mfuko peke yake.

Linaniuma zaidi nikikumbuka kwamba Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule zilikwisha kuwekeana mkataba wa hifadhi ya jamii tangu miaka ya 1970, chini ya CEPGL, jumuiya yao ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu. Tanzania haimo katika CEPGL. Yaani Mrundi anayefanya kazi Kalemie ana mkataba wa kuushika mkononi, na Mtanzania aliyekaa naye benchi moja hana.

Twende kwenye hiyo karatasi ya mshahara. Mfuko wa Kongo unaitwa CNSS, zamani INSS, umebadilishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kwa ajili ya pensheni mfanyakazi anakatwa asilimia 5 na mwajiri anatoa asilimia 5. Juu ya hapo mwajiri peke yake anatoa asilimia 1.5 kwa ajili ya ajali na magonjwa ya kazini, na asilimia 6.5 kwa ajili ya familia. Isome tena hiyo ya mwisho. Wenzetu wana tawi la posho za familia, wenyewe husema *alokasyon*. Sisi NSSF tuna fao la uzazi, lakini posho ya mtoto ya kila mwezi hatuna. Kwa hiyo mumeo anafanya kazi mahali ambapo mwajiri anatakiwa kila mwezi kulipia watoto wa wafanyakazi wake, na wewe huenda hujawahi kuulizwa hata majina ya watoto wako.

Akirudi Kalemie safari hii, aanzie ofisi ya utumishi ya kampuni yake. Aulize namba yake ya uanachama CNSS, yake mwenyewe, siyo ya kampuni. Makato yaliyoandikwa kwenye karatasi hayathibitishi kwamba pesa imefika mfukoni. Niliwahi kushughulikia madai ya vijana wa kampuni moja, siitaji, waliokatwa miaka minne na hakuna hata mmoja aliyeandikishwa. Akishapata namba, aende nayo CNSS mwenyewe akaulize michango yake imesomeka tangu lini. Hapo hapo aulize kuhusu watoto, naye aseme kweli kwamba wanaishi Kigoma. Posho za watoto karibu kila nchi hufungamana na mahali mtoto anapoishi, ndiyo maana wapo wanaoandika watoto wanaishi na baba ili mambo yapite. Asifanye hivyo. Uongo huo ukigunduliwa hudaiwa pesa yote iliyolipwa, na mgeni hudaiwa kwa ukali kuliko mwenyeji. Aombe jibu lililoandikwa, hata likiwa la kukataa. Jibu la mdomo halikatiwi rufaa.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto mnavyo? Siulizi tangazo la kliniki, naulizia cheti chenyewe cha RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo. Na cheti cha ndoa? Siku mumeo akifa, Mungu apishe mbali, wewe ndiye utakayesimama kwenye madirisha mawili, la Kigoma na la Kalemie, na pote watakuuliza cheti cha ndoa kabla hawajakupa pole. Ubalozi mdogo wa Kongo upo hapa hapa Kigoma mjini. Nendeni mkaulize utaratibu wa kuthibitisha vyeti vyetu vitumike kule, mkiwa bado wawili.

Tena kagueni majina. Karatasi za Kikongo huanza na jina la ukoo, la kwanza huja mwisho. Mtu aliyeandikwa kwenye kitambulisho cha taifa, NIDA, kwa majina yake, ya baba na ya babu hutokea kule kichwa chini miguu juu, na herufi moja imeliwa: Y imekuwa I, K imekuwa C. Wewe unaona ni mtu yule yule. Kompyuta inaona watu wawili. Kiapo cha majina mbele ya wakili ni kazi ya asubuhi moja mwenye majina akiwa hai. Akishafariki ni kazi ya mwaka.

Miaka ya Dar haijafa. Kumi na moja ni miezi 132. Pensheni ya uzee ya NSSF inataka miezi 180, kwa hiyo imebaki 48, miaka minne kamili. Jirani yako anakumbuka enzi za fao la kujitoa. Sheria ya mwaka 2018 ililiondoa, ikaleta fao la kukosa ajira, na hilo ni la aliyeachishwa kazi. Aliyeondoka mwenyewe kwenda kwenye kazi nzuri zaidi halimhusu. Mumeo akija likizo aende NSSF Kigoma aombe taarifa ya michango yake yote, ahakikishe miezi 132 imo kweli, kisha aulize kuhusu kuchangia kwa hiari ili hiyo 48 ijazwe. Asipoijaza bado ana chake. Atalipwa kwa mkupuo akifika umri. Lakini mkupuo huisha kabla paa la nyumba halijakamilika, na pensheni inakuja kila mwezi mpaka siku ya mwisho. Mimi naipokea, najua tofauti yake.

Utaniwia radhi nikikuambia kwa nini nakazania karatasi. Baba yangu alitoka Kasulu mwaka 1956 kwenda kukata mkonge Tanga, manamba kama Waha wengi wa rika lake. Kazi ilihesabiwa kwa kipande, kadi ya siku thelathini, na siku ambayo mnyapara hakuitia alama ilikuwa kama hukuamka. Alirudi na kadi zake na za akiba aliyokuwa anakatwa miaka ya mwisho, zote ndani ya sanduku la bati. Mwaka 1972, wakati wa kuhamia kijijini, sanduku lililala nje kwenye mvua siku mbili. Nilikuwa na miaka tisa. Nilimwona akizianika juu ya mkeka, moja moja, karatasi za bluu zilizogeuka nyeupe. Alikwenda kudai mara tatu. Shambani waliangalia daftari, jina lililokuwamo lilikuwa limeandikwa na karani asiyejua Kiha, na hakuna aliyekubali kwamba ndiye yeye. Alikufa mwaka 1991 hajapata senti.

Kwa hiyo piga picha kila karatasi ya mshahara kwa simu, mwezi kwa mwezi, moja ibaki kwako, moja kwa mtoto mkubwa, na nakala iwekwe nyumba nyingine kabisa, kwa mama yako Ujiji au kokote. Nyumba moja ikiungua isiondoke na miaka ya mumeo.

*Mzee wangu, mimi ni bibi nalea wajukuu wawili hapa Tabora. Mama yao ni muuguzi Ujerumani, huu ni mwaka wa tatu. Wenzake kutoka Romania wanalipwa pesa za watoto walioko kwao. Yeye ameambiwa hapana. Ni ubaguzi?*
*Bibi, Tabora*

Dada yangu, ninakuelewa. Mtoto ni mtoto.

Ila kwa sheria yao ameambiwa sawa. Ile posho inaitwa Kindergeld, na mwaka 2025 ilikuwa euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi. Sharti lake kubwa ni mtoto awe anaishi Ujerumani kwenyewe au katika nchi za Umoja wa Ulaya na zile za jirani zilizofungamana nao. Romania imo, na ile kanuni niliyomweleza mama wa Kibirizi ndiyo inayowabeba. Nje ya hapo zipo nchi zenye mkataba maalumu na Ujerumani, kama Uturuki, Moroko, Tunisia na Serbia, nao hupata kiasi kidogo zaidi. Sisi hatuna mkataba huo. Kwa hiyo kinachomkwamisha binti yako ni saini ambayo serikali mbili hazijaiweka, na wenye kuiomba ni sisi huku. Mbunge akija kuomba kura, swali hilo mwulize mbele za watu.

Wajukuu wakihamia kwa mama yao kwa kibali halali, haki inaanza. Siku hiyo asichelewe kujaza fomu, maana wanalipa nyuma miezi sita tu.

Na kuna jambo hukuuliza. Kila mwezi anakatwa pensheni kule. Akifikisha miezi 60, yaani miaka mitano, ana haki ya pensheni ya Ujerumani uzeeni hata akiwa anaishi Tabora. Akirudi moja kwa moja kabla ya hapo, asubiri miezi 24 nje ya nchi za Umoja wa Ulaya, kisha aombe kurudishiwa michango aliyokatwa yeye. Sehemu ya mwajiri hairudi. Mwaka wa tatu huu, akiweza kuvumilia mpaka wa tano, mwambie avumilie. Namba yake ya bima ya pensheni aiandike kwenye daftari lako, dada. Wewe ndiye sanduku lake huku.

*Nafanya kibarua ghala la tumbaku. Miezi saba iliyopita mashine ya kubana marobota ilinikata vidole viwili vya mkono wa kulia. Msimamizi alinipeleka hospitali, akanipa laki moja, akaniambia fidia ni ya Watanzania, wewe ni Mrundi. Nimezaliwa Ulyankulu. Wazazi walikimbia Burundi 1972. Cheti cha uraia tunacho tangu 2014. Nifanye nini?*
*Kijana, Ulyankulu*

Pole sana mwanangu. Nimeisoma barua yako nikaiweka chini, nikatembea mpaka barabarani nikarudi.

Wewe ni Mtanzania. Watu wapatao 162,000, waliokuja mwaka 1972 na vizazi vyao, wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, walipewa uraia, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Hakuna msimamizi wa ghala mwenye uwezo wa kukuvua cheti hicho. Sisi Waha tunayajua maneno hayo. Nimeulizwa uraia wangu kituo cha basi nikiwa na kitambulisho cha serikali mfukoni.

Lakini sitaki ushinde kwa hoja hiyo peke yake, kwa sababu hata ungekuwa Mrundi wa Makamba uliyevuka jana kuja kufanya kazi, jibu lake lingekuwa batili. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 19 wa mwaka 1925 unataka mfanyakazi mgeni aliyeumia kazini alipwe fidia sawa na mwenyeji, bila sharti la mahali anapoishi. Tangu 1925! Ni miongoni mwa mambo ya mwanzo ambayo mataifa yalikubaliana kuhusu wafanyakazi wageni, kwa sababu mkono uliokatwa hauna uraia.

Hapa kwetu anayelipa fidia ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, chini ya sheria ya mwaka 2008. Anayeuchangia ni mwajiri peke yake, kibarua hakatwi hata shilingi. Mwajiri alitakiwa kuitaarifu WCF ndani ya siku saba tangu apate habari ya ajali. Kwa hiyo ile laki moja si fidia. Ni nauli. Unastahili matibabu, malipo ya asilimia 70 ya ujira wako kwa muda ulioshindwa kufanya kazi kwa sababu ya jeraha, na kwa vidole visivyorudi kuna tathmini ya ulemavu wa kudumu inayofanywa na daktari kwa viwango vilivyopangwa. Kama ulitia saini karatasi yoyote siku uliyopewa hiyo laki, usiogope, ila itafute nakala yake uje nayo.

Kwa kuwa wewe ni kibarua, watasema hawakujui. Basi kusanya kinachokuonyesha. Ujumbe wa malipo kwenye simu yako kutoka kwa msimamizi, usiufute. Wenzako wawili waliokuwepo, waandike walichokiona wakiwa wanakikumbuka bado. Karatasi ya hospitali ya siku ile, yenye tarehe na maneno ya jinsi ulivyoumia, kama huna rudi pale uombe nakala, wanatunza. Na cheti cha uraia au NIDA. Peleka yote Ofisi ya Kazi Tabora mjini, mwambie afisa unataka kuwasilisha madai WCF na kwamba mwajiri hakutoa taarifa. Usiende na hasira ya neno "Mrundi", hata kama inawaka. Hilo tutalishughulikia baadaye, mimi na wewe, kwa njia yake.

Muda wa kudai ni miezi 12, ukihesabu kutoka siku ya ajali. Saba imekwenda. Nenda Jumatatu.